Kifuko Chekundu cha Milembe

Kifuko kilichomfukuzisha Milembe Ufipa kilikutwa ndani ya kopo la kakao, kwenye sanduku la bati la mwanamke aliyemtetea kuliko mtu mwingine yeyote. Tulikuwa tumemzika mwanamke huyo jana yake. Aliitwa Perpetua, mke wa katekista wa Mollo, na kwa sisi tuliokuwa kwenye kikundi cha vijana cha kigango alikuwa Mama tu, bila haja ya kuongeza jina. Wageni wa msiba walikuwa wameanza kuondoka, masufuria yakisuguliwa kwa majivu uani, Agnes bintiye aliponivuta mkono hadi chumbani. Alifunga mlango kwanza, kisha akafungua kopo. Ndani mlikuwa na kifuko cha kitambaa chekundu, kikubwa kuliko kidole gumba kwa kiasi kidogo tu, kimeshonwa pande zote na kufungwa shingoni kwa singa nyeusi za mkia wa ng'ombe. Nilikaa kitandani bila kukaribishwa.

"Dada Yustina, mama alisema nikupe wewe," Agnes alisema. "Alisema kisifunguliwe humu ndani. Na kisitiwe motoni."

"Alisema lini?"

"Jumapili, akiwa bado anaongea vizuri. Nikamwuliza ni kitu gani, akanigeuzia uso ukutani."

Nimeandika habari za watu wengine kwa miaka mingi, nyingi zikiwa ripoti za mashirika, na nimezoea kuanza na kile nilichokiona kwa macho yangu na kuacha pembeni nilichokisikia. Hapa nitajaribu hivyo hivyo. Nilichokiona ni kwamba kifuko kile hakikuwa kimefunguliwa. Mishono yake ilikuwa ya Milembe, midogo, imelalia upande wa kushoto kwa sababu alitumia mkono wa kushoto, na hakuna uzi hata mmoja uliokatwa. Tulikuwa tumekitafuta kifuko hicho kwenye nyasi nje kidogo ya Chala, kundi zima, kwa magoti, na Mama Perpetua alipiga magoti pamoja nasi, pembeni yangu, akipapasa nyasi kwa mikono miwili.

Ulikuwa mwaka ambao maduka yalianza kujaa. Tuliokuwa tumekua kwa sabuni ya kupanga foleni tulishtuka kuona sabuni za rangi tatu zimepangwa mpaka darini, na hakuna aliyetuuliza tunatoka shina gani la chama. Sokoni Sumbawanga marobota ya mitumba yalikatwa mbele ya watu, na akina mama waliokuwa wakisukumana kanisani kwa adabu walisukumana pale bila adabu. Kutoka Tunduma zilikuja shanga za plastiki, hereni, pete za kung'aa, nyuzi za kila rangi. Vijana wa mjini walikuja Mollo na viatu vya raba wakisalimiana "mambo" na "poa," na sisi tukajifunza haraka. Katikati ya wingi huo Mama Perpetua alituwekea sheria moja ngumu: kwenye kambi ya vijana, kila mtu atabeba kitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Tuliviita vibadili, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubadilishana na vijana wa vigango vingine. Unampa mwenzako chako, anakupa chake, mnavivaa kifuani au shingoni mpaka kambi iishe. Hakiuzwi. Hakikataliwi. Na ukishakitoa, hukiombi tena. Kukiomba kulikuwa sawa na kumtukana aliyekipokea.

Tulikuwa tunakutana kwake Jumamosi alasiri. Sebule yake naweza kuichora hata leo: cherehani ya miguu chini ya dirisha, viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu yenye kioo kilichopasuka kona, na harufu ya maharage yanayochemka jikoni tangu adhuhuri. Juni na Julai upepo wa kule juu hauna huruma, hakuna mti wa kuuzuia, kwa hiyo tulifunga mlango na kukaa karibu karibu. Gaudensi, mwenyekiti wetu, alipinda spoku za baiskeli kuwa misalaba. Mimi nilisuka wanasesere wa maganda ya mahindi. Wengine walitoboa vizibo vya soda au kukata bangili kwenye mipira ya baiskeli. Na kwenye kigoda karibu na cherehani alikaa Milembe, msichana wa Kisukuma ambaye baba yake alichunga ng'ombe bondeni, Kaoze, karibu na Ziwa Rukwa, na ambaye Mama Perpetua alikuwa amempokea ili ajifunze kushona. Alikuwa na umri wetu, na mwili mrefu uliozifanya kanda mbili zake zionekane za mtoto.

Alichokitengeneza kilitupita sote. Alichukua vipande vilivyobaki kwenye mitumba, kila kifuko kitambaa chake, akavijaza ulezi, akavishona na kuvifunga singa za mkia ambazo baba yake alimtumia zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya sukari. Ukikitikisa kifuko sikioni kililia kama mvua inayoanza juu ya bati. Mwanzoni aliacha mdomo wa kifuko ukiwa umekazwa kwa singa peke yake, na punje zikawa zinatoka. Mama Perpetua akamwambia, "Shona kabisa, mwanangu. Ulezi wangu utaishia barabarani." Yeye ndiye aliyempimia ulezi huo kwa kikombe cha bati. Na kitambaa chekundu, cha kile kifuko kimoja tu kilichokuwa chekundu, kilitoka kwenye bitana ya koti ambalo Mama alijinunulia mwenyewe.

"Msukuma, ng'ombe wenu mmewaachia mkia kweli?" Gaudensi alimtania.

"Tumewaachia. Tulichonyoa ni akili za Wafipa, ndiyo maana zimekuja fupi."

Tulicheka mpaka Mama akatuambia tutapasua kioo kilichobaki. Narudi mara nyingi kwenye kicheko kile. Sebule nzima ilikuwa ya Wafipa waliozaliwa na kulelewa palepale. Kila mmoja wetu alijua kitu kilichoshonwa pande zote, kina kitu ndani, kimefungwa singa nyeusi na kutundikwa shingoni kinaitwaje. Watu wa mikoa mingine wakisikia umetoka Sumbawanga hukuuliza habari za radi za kutumiwa watu kabla hawajakuuliza habari za nyumbani. Lakini tulikuwa tumeviona vile vifuko tangu vikiwa vipande sakafuni, tumeona ulezi ukimiminwa, tumeokota punje zilizomwagika. Havikuwa na siri kwetu, na hakuna aliyefikiria kwamba huko tunakokwenda watakutana navyo vikiwa tayari vimefungwa.

Jambo moja lilipaswa kunishtua. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari nilikuwa jikoni nikipepeta ulezi wa uji wa safari, na nje ya dirisha katekista, Mzee Kondradi, alikuwa amesimama na jirani yake. Jirani alikuwa akilalamika kwamba mifugo imeanza kupanda kutoka bondeni, imekanyaga matuta yake.

"Leo wamekuja na ng'ombe," alisema. "Kesho watakuja na dawa zao. Wewe umeshamlaza mmoja ndani."

"Ni mtoto yule," Mzee Kondradi alijibu.

"Mtoto wa nani?"

Mzee Kondradi alikohoa. Kisha wakazungumzia mbolea. Mama Perpetua alikuwa nyuma yangu akikoroga maharage. Mwiko ulisimama wakati ule wa kukohoa, ukaendelea walipofika kwenye mbolea.

Kambi ilifanyika kwenye shule ya msingi, nje kidogo ya Chala. Alasiri ya kwanza ilikuwa ya kubadilishana, na ndani ya muda mfupi uwanja ulikuwa soko lisilo na fedha. Vijana waliokuja na pete za plastiki walizomewa. Vifuko vya Milembe viligombewa. Watu walivitikisa sikioni, wakacheka, wakawaita wenzao. Kile chekundu alikichukua Deogratias, kijana mwembamba wa kigango mwenyeji, mpiga kayamba wa kwaya. Alimpa Milembe filimbi ya mwanzi. Nilikuwa nimesimama hapo. Alikivaa shingoni na kukipapasa kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Humu mna nini?"

"Sikiliza mwenyewe," Milembe alimwambia.

Asubuhi yake tulikuwa kwenye foleni ya uji. Deogratias alikuwa mbele yangu kidogo. Aliangusha kikombe, akasimama akiutazama uji uliomwagika, kisha akaanguka juu yake. Miguu ilipiga ardhi, macho yakageuka, povu likatoka mdomoni. Mama mmoja wa jikoni alimkimbilia kumlaza ubavu, akaona shingoni mwake, akarudi nyuma kama aliyeungua. "Kavaa nini huyu? Kavaa nini?" Sauti yake ilibadilisha uwanja mzima. Waliokuwa wakikimbilia kusaidia walisimama. Ndipo Mama Perpetua akapita katikati yao, akapiga magoti, akamgeuza kijana, akamfuta povu kwa kitenge chake, akamshikilia kichwa mpaka mwili ulipotulia. Wanaume wanne walimbeba kwenda zahanati. Walipomwinua, shingo yake ilikuwa wazi.

Kabla ya adhuhuri tuliitwa wote mbele ya madarasa. Mwenyekiti wa kamati ya wenyeji alikuwa Mzee Telesfori, mtu mpole wa sauti, na upole huo uliniogopesha zaidi ya kelele. Aliagiza kila aliyepokea kifuko akirudishe. Hilo tu lilivunja adabu ya kambi nzima. Watu walivivua bila kutazamana. Ungo ukaletwa, na wembe. Milembe alisimamishwa karibu na ungo. Mzee Telesfori alikata kifuko cha kwanza, cha kitambaa cha maua, akakikung'uta. Ulezi. Akakata cha mistari. Ulezi. Cha kijani, ulezi. Kila kilipokatwa watu walisogea, na kila punje zilipomwagika walishusha pumzi, lakini hawakurudi nyuma. Kuku wa shule walikuja wakaanza kudonoa zilizodondoka, na kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Tuwatazame hao kuku kwanza." Hakuna aliyecheka. Singa zilitupwa pembeni, rundo dogo jeusi ambalo kila mtu alilikwepa kwa miguu.

"Kile chekundu kiko wapi?" Mzee Telesfori aliuliza.

Tukaenda kwenye nyasi. Tulichana uwanja kuanzia foleni ya uji mpaka njia ya zahanati. Nimeshasema nani alikuwa pembeni yangu. Tuliporudi mikono mitupu, Mama Perpetua hakusubiri kuulizwa. Alisimama mbele ya Milembe, akamfunika nusu ya mwili.

"Mzee Telesfori, shikamoo tena. Mtoto huyu analala kwangu. Anakula sahani moja na mimi. Ulezi mliouona ni wa ghala langu. Kama mnatafuta mchawi, anzeni na mimi."

"Marahaba, mama. Hakuna aliyetaja neno hilo isipokuwa wewe." Aliufuta wembe kwenye suruali yake. "Vyote vimeonekana ni vizuri. Kimebaki kimoja, na hicho kimoja ndicho alichokivaa mgonjwa. Tuletee hicho. Kikiwa na ulezi, mimi nitampigia msichana magoti hapa mbele ya watu wote."

"Ningekuwa nacho ningekuletea."

"Basi."

Alisema "basi" kwa upole uleule, na kambi ikafungwa kabla ya siku yake.

Deogratias alipona. Nasema hili mapema kwa sababu nilikuja kukutana naye miaka mingi baadaye, akiwa na duka la vipuri Chala, na aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa na kifafa tangu utotoni, kwamba ameshaanguka kanisani, shambani na dukani, na sasa anakunywa vidonge. Wazazi wake walikuwa wakikificha. Nilimwuliza kama waliwahi kwenda kwa Mzee Telesfori kusema. "Waseme nini, dada? Mimi nilikuwa nataka kuoa." Alinipa soda na kuikataa pesa yangu.

Lakini mwaka ule hatukujua. Habari ilifika Mollo kabla yetu. Watu walioleta nguo kwa Mama Perpetua kushonwa walikuja kuzichukua zikiwa nusu. Mmoja alichukua gauni lenye mkono mmoja, akasema atamalizia mjini. Jumamosi tulifika watatu tu. Gaudensi alikuja akiwa amekunywa pombe ya ulezi kidogo, akakaa akipinda spoku ileile mpaka ikakatika. Milembe alikuwa kwenye kigoda chake akishona vifungo ambavyo hakuna aliyeviagiza. Kibanda cha mbuzi cha nyumba ile kilichomwa wiki hiyo, mchana, watu wakiwa shambani. Mbuzi waliokolewa. Mzee Kondradi alisema ni cheche za jikoni, na jikoni hapakuwa na moto. Nilikuwa nimeingia kuomba chumvi nikakuta majivu baridi.

Baba yake Milembe alipanda kutoka Kaoze siku chache baadaye. Mzee Masanja alikuwa mrefu kama bintiye, na koti zito, na fimbo aliyoiegemeza nje ya mlango. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mama alimpelekea maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka sakafuni bila kuyanywa.

"Mama, umemlea mwanangu vizuri. Nimekuja kumchukua."

"Mpe mwezi mmoja, baba. Maneno yatachoka."

"Maneno ya huku kwenu hayachoki, mama. Bondeni wamenitumia mtu. Kasema kama binti yangu bado yuko huku juu, ng'ombe wangu wasinywe maji Rukwa." Aliyasogeza maji pembeni. "Nina mifugo na nina watoto wengine. Tutakwenda Mpanda."

Milembe alienda kufunga mzigo wake. Mama Perpetua alimfuata kwenye ukumbi mdogo kati ya sebule na jiko, na mlango ulikuwa wa pazia tu, kwa hiyo walichosema nilikisikia kama vile nimeambiwa mimi.

"Milembe. Niambie mimi peke yangu. Kile chekundu ulitia nini?"

Kimya kilikuwa kirefu hata nikauondoa ugali motoni usiungue.

"Ulezi, mama," Milembe alisema. "Si ulinipimia wewe?"

"Ulezi peke yake?"

Hakujibu mara ya pili. Alitoka na kifurushi chake, akanipita jikoni, akanishika bega kwa mkono wake wa kushoto, akaenda alikosimama baba yake. Wakati ule nilidhani Mama aliuliza ili awe na jibu la kuwapa watu. Niliendelea kudhani hivyo hadi Agnes alipofungua kopo. Sasa najua kwamba alipouliza, kifuko kilikuwa chumbani kwake, hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Mkasi wa kushonea ulikuwa juu ya cherehani. Angeweza kukata uzi mmoja na kukipeleka Chala, na Mzee Telesfori, ambaye sikumpenda lakini sikuwahi kumwona akivunja neno, angepiga magoti. Ni kitu gani Mama alikiona rahisi zaidi kuliko kukata uzi ule? Nimejaribu kumpa sababu nzuri. Labda alikivua shingoni mwa kijana ili watu wasikione, akachelewa, kisha akashindwa kusema alikuwa nacho wakati sote tunatambaa. Hilo linaelezea siku ile moja. Halielezi miaka yote iliyofuata, wala halielezi kwa nini kisifunguliwe ndani ya nyumba.

Namba ya simu ya Milembe nilipewa na Gaudensi palepale msibani. Ananunua mahindi siku hizi na kuyapeleka Mpanda, na huko alimkuta Milembe, akiwa na mabinti wanne wa kushona chini yake. Nilimpigia Ijumaa mchana. Sauti yake imekuwa nzito, ila cheko ni lilelile. Nilimpa habari za msiba. Akasema, "Alinipa chakula yule mama," akarudia. Ndipo nikamwambia kuhusu kopo. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: singa, mishono, maneno ya Jumapili.

"Hakukifungua?" aliuliza.

"Hakukifungua."

"Hata baada ya sisi kuondoka?"

"Uzi wako haujaguswa."

Nilisikia cherehani zikienda nyuma yake, na mtu akiuliza bei ya sare za shule. Alimjibu mtu huyo kwanza.

"Na wewe, Yustina, unadhani mna nini?"

"Ulezi," nilisema. "Mna ulezi. Nilikuwepo."

"Umekuwa nacho tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Basi kwa nini hujakifungua?"

Nilimwambia nilikuwa namsubiri yeye, kwamba ni haki yake kukikata kwa mkono wake. Alisema sawa, atakuja mahindi yakishavunwa, akanitakia mchana mwema kwa heshima ambayo hatukuwahi kuwekeana. Simu ikakatika.

Ulezi haubunguliwi. Wazee wetu waliuweka ghalani miaka na miaka na ukapikika, kwa hiyo kama ni ulezi bado uko mzima. Nimekitikisa sikioni mara nyingi, na kinalia kama ulezi. Lakini Mama Perpetua naye alikuwa na masikio. Kifuko kiko juu ya meza ninapoandika. Wembe uko pembeni yake. Mahindi yameshavunwa, Gaudensi ameshapeleka gari la pili Mpanda, na Milembe bado hajaja.